Toa Pumzi

Machano hakuja na nguo.
Alikuja na gari, kinyumenyume mpaka kizingitini pangu,
Tibirinzi, saa nne ya asubuhi.
Akaizima, ikakohoa mara mbili baada ya kuzimwa.
Akasema, "Fundi, hii nayo ina zipu."

Mimi nashona madera, sare za skuli,
mapazia ya watu waliojenga juzi.
Gari sijui hata mafuta yanaingilia wapi.
Lakini nilitoka, futi ya kupimia bado shingoni,
maana kunitajia mimi zipu
ni kumtajia mkunga tumbo.

Paa lake ni turubali jeusi la kukunja,
na dirisha la nyuma si kioo:
ni plastiki, imepauka, imefanya ukungu
kama jicho lenye mtoto wa jicho,
na zipu imelizunguka pande tatu.
Inakwenda vizuri mpaka kwenye kona.
Kwenye kona inagoma.
Imebaki shubiri moja,
na mawingu ya vuli yameshajipanga upande wa Vitongoji.

"Nani kashika kabla yangu?"
Akatazama viatu vyake.
Shaame wa gereji, kwa koleo.
Kishikio kimekatika, pametiwa pete ya ufunguo,
kichwa cha zipu kimepinda shavu moja,
na meno yamepakwa grisi, grisi ya magurudumu!
ikala mchanga wote wa barabara ya Wete.

Nikayaosha kwa mswaki na sabuni ya kufulia,
jino kwa jino,
kama ya mtoto anayekataa kwenda chuoni.
Nikasugua penseli. Nikasugua mshumaa.
Nikakibana kichwa kidogo, kidogo tena,
maana ukizidisha kinakufa, na zipu ya namna hii
labda Dubai, labda hata Dubai hakuna.
Nikavuta.
Ikaja, ikaja, ikafika kona,
ikanitazama.

Machano akaanza hadithi ya mjomba wake,
karani wa forodha, aliyeinunua kwa mtu anayehama
akailipa miaka sita,
na wikiendi akiikodisha kubebea maharusi,
na siku moja huko Ole...
Sikuisikia ya Ole.
Nilibaki kwenye maharusi.

Zipu za maharusi nimezifunga
tangu cherehani yangu inakanyagwa kwa miguu.
Najua gauni linavyokataa kiunoni:
shangazi wawili wanavuta, mama mtu analia,
nje wanaume wanapiga honi,
na dawa yake haijawahi kuwa nguvu.
Unamshika mtoto wa watu mabega, unamwambia:
toa pumzi, mwanangu. Toa yote.
Zipu inapanda yenyewe.

"Hili paa limeshikwa wapi?"
"Mbele, juu ya kioo. Makomeo mawili."
"Yafungue."
"Mvua inakuja, fundi."
"Yafungue, Machano."

Paa likainuka kiganja kimoja.
Turubali lililowambwa kama ngoma
likalegea mpaka nyuma, likashusha mabega,
nami kwa vidole viwili, koleo nimeweka chini,
nikaipitisha kona ile
kama unavyompitisha mgeni
kwenye ukumbi wenye watoto waliolala.
Krrr. Basi.
Kisha makomeo, la kushoto, la kulia.

Tone la kwanza likapiga bati.
Machano akaingia, akajifungia ndani
kutazama patavuja wapi.
Pakavuja mlangoni.
"Mlango si zipu," nikamwambia kupitia plastiki,
naye akacheka, au alikuwa anafuta paja,
kwa ukungu ule sikuona sawa.
Alinipa elfu saba na chane ya ndizi.
Nilitaka kumi.

Kesho yake Shaame alipita, mikono mfukoni,
akajifanya anatazama vitambaa.
"Ile zipu," akasema, "ulitumia nini?"
"Mshumaa," nikajibu,
nikainamia sare ya mtoto wa watu.
Si kila kitu mtu anakitolea pumzi.